Uji wa Mayu Mbuke

Samuye,
14 Novemba 1976

Dada yangu Theopista, Mama Melania,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kalamu ya kuazima, maana ya kwangu Paskalina ameisahau shuleni. Hapa kwetu tu wazima. Wasichana wote wanne wanakula kama nzige. Shemeji yako Nkwabi anakusalimu, anauliza kama shemeji Otmar bado anafukua mashimo au ameamua kulima kama watu. Mvua za kwanza zimenyesha, pamba tumeanza kupanda.

Kijiji hiki cha operesheni walikotuhamishia sijakizoea. Nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Jirani akikohoa, unampa pole ukiwa kitandani kwako. Kule tulikokuwa mtu aliweza kulia wiki nzima asisikiwe. Huku nikitoka nje usiku kupunga upepo, asubuhi jirani yangu Mageni ananiuliza nilikuwa natafuta nini.

Na hapo ndipo penye habari yenyewe. Tangu mwezi wa saba sijaona siku zangu. Joto linanipanda kutoka kifuani mpaka utosini, hata nikiwa nimekaa kivulini, nalowa jasho, kisha nasikia baridi. Usingizi umenikimbia. Na hasira, dada! Juzi Paskalina aliuacha mlenda ukaungua kidogo tu, nikakibamiza chungu ukutani. Nkwabi akacheka, nikamrushia mwiko. Halafu nikakaa chini nikalia mpaka kuku wakanishangaa. Nililia nini, sijui hadi leo.

Nkwabi anasema ni mimba. Tumbo kweli limeongezeka. Wewe unajua kilio changu cha mtoto wa kiume, na unajua mwaka jana shemeji yako alikuwa haachi gulio la Kagongwa, wala si kwa sababu ya gulio. Yuko binti huko. Tangu nimwambie kuhusu hali yangu, Kagongwa hajakanyaga. Mtoto ameshampa jina la baba yake, Mihayo.

Lakini yupo Mayu Mbuke, mayu ndiyo mama kwa huku, yule mke mdogo wa marehemu baba mkwe, aliyemlea Nkwabi mama yake alipokufa. Anakaa kibanda cha nyuma yetu. Ameniletea uji wa mtama aliouchemsha na mizizi, anasema unapooza joto. Akaniambia, "Mwanangu, huu ni umri tu. Sisi wote tulipita hapo." Umri! Nina miaka arobaini na sita. Mama alimzaa mdogo wetu Tarsisi akiwa na arobaini na nne. Uji niliunywa, na usiku ule nililala, lakini maneno yake sikuyapenda.

Dada, mama yetu hayupo, na hapa mimi ni mtu wa kuja. Umenitangulia miaka minane. Niambie ukweli: hili lilikukuta? Lilikukuta ukazaa, au lilikukuta ukakoma? Nikijua nitajua la kufanya. Mwombe Sista akuandikie upesi.

Mdogo wako akupendaye,
Salvina


Geita,
9 Januari 1977

Kwako Mama Mdogo Salvina,

Mama anasema marahaba, na heri ya mwaka mpya. Yeye hajambo, isipokuwa magoti. Baba Otmar hajambo, yuko mashimoni na wenzake, wanatafuta mkanda wa dhahabu ambao kila wiki wanausikia kuwa uko karibu. Melania amejifungua salama mtoto wa kike tarehe 2 Desemba. Mihogo imestawi.

Kuhusu hayo uliyouliza, Mama anasema mambo mengine ni ya jikoni, mtaongea mkionana. Anasema kunywa maji ya kutosha, pumzika mchana, sali. Anasema pia ukumbuke mwaka ule mama yenu alipomrushia baba yenu mchi, na baadaye akatulia mwenyewe. Hilo amelirudia mara mbili, nami nimeliandika kama alivyosema.

Wako mtiifu kwa niaba ya Mama,
Marselino

Nyongeza yangu mimi mwandishi: Shikamoo Mama Mdogo. Sista aliyekuwa akimsaidia Mama amehamishwa tangu mwezi wa kumi. Kwa kuwa mimi ni karani wa kiwanda cha pamba, na Melania aliishia darasa la pili, kazi hii imeniangukia mimi mkwe. Kama ujuavyo, siwezi kukaa uso kwa uso na mama mkwe. Yeye hukaa ndani ya ua wa matete, mimi nje, tunasemezana hivyo. Kwa hiyo nikuombe radhi: ukurasa wa pili wa barua yako niliusoma kimya. Mama nilimwambia tu kuwa mdogo wake anaumwa maradhi ya kina mama, anauliza kama naye yalimpata.


Samuye,
20 Februari 1977

Dada Theopista,

Shikamoo. Hongera ya mjukuu. Watoto wazima, pamba imetoa maua, ng'ombe wananenepa, salamu zimekwisha.

Maji ninayo! Niliandika kurasa mbili kwa machozi, nikajibiwa maji na mchi wa mama. Mchi unanihusu nini? Nakuuliza habari ya tumbo langu unanipa hadithi za kwetu Ushirombo. Barua yenyewe imekaa njiani wiki nne, nimeifungua kwa pupa, kumbe ndani mna mihogo.

Nisamehe. Nimeiacha barua hapo nikaenda kulia nyuma ya nyumba, sasa nimerudi. Ndivyo nilivyo siku hizi. Asubuhi nawapenda watu wote, ugali ukiwa jikoni nawachukia wote, na wewe.

Sasa Marselino mwanangu, sikiliza. Sina njia nyingine, na aibu yangu nimeitia mfukoni. Yanayofuata yasome kwa sauti, yote. Ukishindwa kumwangalia mama mkwe wako, angalia matete.

Dada, damu ilirudi kidogo mwezi wa kumi na mbili, siku mbili tu, ikakata. Tumbo halikui tena, wala mtoto hachezi. Nkwabi alinipeleka kwa mfumu, mganga wa huku, nyuma ya kilima. Usinitajie padri, najua. Mfumu akampasua kuku, akasoma. Akasema mtoto yupo, ila amegeukia mgongoni na amefungwa huko, na joto langu ni yeye anayetafuta njia. Aliyemfunga ni mkono wa kizee ulionilisha. Akaniuliza, "Nani alikupa kitu cha kula tangu siku zako zikatike?"

Nkwabi aliangalia chini. Mimi nikasema, "Uji." Nilisema uji tu, sikutaja mtu. Lakini nani hajui uji umetoka kibanda gani?

Sasa ndugu zake wameitisha kikao, na maneno yamesambaa mstari mzima wa nyumba. Wanataka nisimame nimtaje Mayu Mbuke kwa mdomo wangu. Unajua afanywavyo mtu wa hivyo. Nimewaambia wasubiri Pasaka ipite, ninangoja habari kutoka kwa dada yangu. Yeye bibi anasema vilevile, ni umri. Anasema kila mwanamke hupita hapo. Lakini aliyetuhumiwa atasema nini kingine?

Kwa hiyo neno lako ndilo litakaloamua. Kama hili lilikukuta, joto hili na hasira hizi, na siku zikakatika bila mtoto, basi bibi hana kosa, nami nitasema hivyo mbele yao hata Nkwabi akioa kesho. Kama halikukukuta, basi mfumu ana ukweli, na mwanangu yuko mgongoni kwangu anakufa. Dada, sihitaji barua. Nahitaji ndiyo au hapana.

Salvina


Geita,
23 Machi 1977

Kwako Mama Mdogo,

Marahaba kutoka kwa Mama. Huku wazima wote, isipokuwa Baba Otmar ana kikohozi cha vumbi la mawe.

Barua yako niliisoma yote kwa sauti kama ulivyoagiza. Nilisimama nje ya ua. Baadaye Melania aliniambia Mama ameingia ndani na kujifungia. Hiyo ilikuwa siku sita zilizopita. Leo ndipo ameniita.

Mama anasema: Salvina, usimtaje mtu. Mwache huyo bibi. Usiseme lolote kwenye kikao mpaka mimi nije. Nitakuja mwenyewe Jumatatu ya Pasaka, nitakuambia kwa mdomo wangu.

Mama anasema pia kwamba ~~hata yeye alipokuwa na~~ . Hapo nimeanza kuandika, nikafuta kwa amri yake. Kisha akasema inatosha, funga barua.

Wako mtiifu,
Marselino


Samuye,
2 Mei 1977

Dada Theopista,

Shikamoo. Tuko wazima.

Jumatatu ya Pasaka niliwavalisha watoto sketi safi, nikapika wali, nikatoka na Paskalina kwenda barabarani. Yakapita magari mawili. Tukarudi jioni. Jumanne pia nilikwenda, peke yangu. Jumatano ndipo kikao kilipokaa.

Nilikuwa nimepanga kunyamaza kama ulivyoniagiza. Waliponisimamisha, joto likanipanda pale pale mbele ya wanaume, jasho likawa linanidondoka puani. Shemeji mmoja akasema, "Mtazameni, mtoto anapigana." Wakageuka wote, wananihurumia. Dada, ilikuwa miezi hakuna mtu aliyenihurumia. Wakaniuliza nani alinipa uji. Nikamtaja.

Hawakumpiga. Balozi wa nyumba kumi alisema hataki damu kwenye nyumba zake. Wamemnyima moto. Asisalimiwe, asichotewe maji, asipewe hata kaa moja la kuwashia. Duka la kijiji halijaona kiberiti tangu mwezi wa pili, na mvua inanyesha kila siku.

Siku ya tatu alikuja mlangoni kwangu na kigae cha chungu mkononi, kile cha kuchukulia makaa. Nilikuwa nimekaa jikoni moto unawaka, nimelowa, nimeivua hata kanga ya mabegani. Akasema, "Mwanangu, kaa moja tu." Nikasukuma mlango kwa mguu.

Sijui ulizuiwa na nini. Usiniambie.

Salvina


Samuye,
12 Juni 1977

Dada,

Shikamoo. Nimepata habari kupitia kwa dereva mmoja wa lori la pamba kwamba jiwe lilimwangukia shemeji Otmar mguuni siku ya Ijumaa Kuu, ukashindwa kumwacha. Mpe pole. Ningekuwa mimi pia nisingemwacha. Nimekaa wiki nzima nikijaribu kuendelea kukukasirikia, na bado naweza.

Nilikwenda hospitali ya Kolandoto. Kwa miguu, bila kumwambia Nkwabi, maana mtoto wa mwezi wa saba wa mwaka jana alipaswa awe amezaliwa zamani, uwe mgongo au uwe tumbo. Muuguzi ni mama mtu mzima, Mnyamwezi. Akanipima, akaniuliza maswali kwa taratibu. Kila nililojibu anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani yake. Joto? Ndiyo. Usingizi kukatika? Ndiyo. Hasira, halafu machozi? Ndiyo. Damu kuruka miezi, kurudi, kukata? Ndiyo.

Akasema, "Mama, hakuna mtoto hapa. Hedhi yako inakaribia ukomo. Wengine huanza mapema, wengine huchelewa. Hata mimi yamenipata. Hukuwa na mtu mzima nyumbani wa kukuambia?"

Nilicheka, dada. Nilicheka mpaka akamwita mwenzake. Nilikuwa naye mtu mzima nyumbani. Aliniambia siku ya kwanza, na uji akanipa.

Mayu Mbuke amekufa. Alikutwa tarehe 9 Mei ndani ya kibanda, nguo zimelowa, kile kigae kiko pembeni yake na vijiti vitatu alivyokuwa akivisugua. Mtu wa miaka sabini na zaidi anasugua vijiti vibichi. Walimzika wanaume wanne haraka haraka, bila matanga. Nkwabi alisimama mbali. Yule ndiye aliyemtafunia chakula alipokuwa mdogo.

Nkwabi nilimweleza ya Kolandoto. Jumamosi akaenda gulio, na Jumapili akarudi na binti wa Kagongwa. Ana miaka kumi na tisa. Ananiamkia vizuri, anapika vizuri, sina la kumlaumu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nakuuliza kwa mara ya tatu, ingawa sasa haina kazi. Lilikukuta?

Salvina


Geita
30 Septemba 1977

Mdogo wangu Salvina

Marahaba. Barua hii naandika mimi. Mkono huu ni wangu. Tangu mwezi wa tano naenda darasa la watu wazima, pale zahanati, saa kumi jioni. Mwezi wa nane tulifanya mtihani. Nimefaulu kusoma na kuandika. Marselino hajui kama naandika hii. Hakuna anayejua.

Ndiyo. Lilinikuta.

Lilinikuta nina miaka arobaini na saba. Joto lile lile. Nilikuwa namchukia Otmar akila, namchukia akilala. Nililia kwa ajili ya mbuzi aliyekufa kuliko nilivyomlilia baba. Nikajua ni nini, kwa sababu mama aliniambia baada ya ule mchi. Aliniambia mimi. Wewe ulikuwa shule ya misheni.

Nilimficha Otmar. Unajua kwetu mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi kwenye mboga, anamwita mtoto atie. Mimi kila mwezi nilimwita Melania. Njoo utie chumvi. Siku nne. Mwezi mwingine tena. Otmar anasikia, anajua mke wake bado kijana. Nilifanya hivyo miaka mitatu baada ya kukoma. Otmar mpaka leo anaringa kwa wenzake kwamba mke wake alichelewa kuzeeka.

Sasa Marselino anasoma barua yako nje ya ua. Nikisema ndiyo, anajua mkwe wangu. Akijua anamwambia Melania. Melania atakumbuka ile chumvi. Ile miaka yote. Atamwambia baba yake, au hatamwambia, lakini ataniangalia. Niliona aibu. Nilifikiri nitakuja nikwambie sikioni. Halafu jiwe.

Lakini jiwe lilianguka Ijumaa, na ningeweza kumtuma mtu kwa mdomo. Tarsisi alikuwepo hapa wiki ile. Ningemwambia Tarsisi, nenda Samuye, sema tu Theopista anasema ndiyo. Neno moja halina aibu. Sikumtuma. Sina la kusema hapo.

Baba alikupeleka wewe shule, mimi nikabaki kufukuza ndege kwenye mtama. Nilimchukia kwa hilo miaka mingi. Leo nimejua kuandika, na nimeandika neno la kwanza la kweli, na bibi wa watu yuko chini.

Nisamehe au usinisamehe.

Theopista


Samuye,
4 Desemba 1977

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata Novemba. Mkono wako ni mzuri, herufi zimesimama wima kama askari. Ungekwenda shule ungenipita. Hilo nalisema bila kejeli.

Kukusamehe bado. Siku nyingine naamka nimekusamehe, mchana inaondoka. Najua si joto tu. Wewe ulikuwa Geita na aibu yako, lakini mlango niliusukuma mimi, kwa mguu huu. Mayu aliniambia ukweli bure, nikaenda kuutafuta kwa kuku. Nilimtaka Mihayo, dada, nikamtaka kuliko nilivyotaka kuelewa.

Binti wa Kagongwa ana mimba. Mboga yake naitia chumvi mwenyewe kila siku, wala simfichi mtu kwamba nimekoma. Paskalina na wadogo zake nimewakalisha jikoni nikawaeleza yote, kuanzia siku za kwanza mpaka za mwisho. Walicheka kwa aibu wakajifunika kanga. Ni yule wa tatu tu ambaye hakucheka.

Sasa habari yenyewe. Jirani yangu Mageni ana miaka arobaini na tano. Tangu mwezi wa tisa namsikia anatoka nje usiku, anazunguka nyumba, anajipepea. Wiki iliyopita alikuja kwangu analia, amempiga mtoto wake bila kosa. Nikamkalisha. Nikamwambia kila kitu: Kolandoto, muuguzi, umri, itapita. Nilimwambia kama dada. Na mizizi ile naifahamu, Mayu aliwahi kunionyesha inakoota, karibu na kisima. Nikamchemshia uji. Akanywa, akalala.

Juzi mume wa Mageni alionekana akipita njia ya kilimani, na kuku mweupe kwapani. Jana Mageni hakuniamkia. Leo asubuhi wanawake wawili kisimani walinyamaza nilipofika, na mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ni kweli nilimpa Mageni kitu cha kula.

Nilimwambia ndiyo. Nimechoka na watu wasiosema ndiyo.

Nkwabi nimemweleza. Ameangalia chini, kama siku ile.

Mvua zimeanza. Makaa yangu nayafukia kwenye majivu kila jioni yasizime, na Paskalina nimemfundisha kuyatunza. Dada, usiniandikie tena. Njoo.

Salvina